Kumtambua Adui: Funzo la Mpunga Mwitu

Aghalabu mmea huhesabiwa kuwa kiumbe mnyonge. Hauna miguu ya kukimbilia, hauna damu inayobeba askari wa mwili kutoka kiungo hadi kiungo, na ukivamiwa hauna budi kupigana papo hapo ulipoota. Hata hivyo, yeyote atakayesimama kandokando ya bonde la mpunga ataona kwamba mimea mizima ni mingi kuliko migonjwa, ijapokuwa yote imezungukwa na vijidudu usiku na mchana, majini, udongoni na hewani. Afya hiyo haiji kwa bahati. Ni matokeo ya ulinzi ambao kila seli ya mmea imeurithi, na ambao hukaa kimya mpaka adui atambuliwe.

Neno la kushikwa hapa ni hilo la mwisho. Kinga ya mmea ni elimu ya kumjua adui, iliyoandikwa katika jeni, yaani chembe za urithi. Mmea usiomtambua adui wake hufa huku silaha zake zote zikiwa ghalani. Na jambo lililo kweli kwa mmea limedhihirika kuwa kweli pia kwa taifa linaloulima.

Ugonjwa uliozuka Morogoro

Mwaka 2019 ugonjwa wa bakajani bakteria ulizuka katika mashamba ya mpunga ya Dakawa na Lukenge, mkoani Morogoro. Ugonjwa huu usichanganywe na kimyanga, ambao wakulima wengi wanaufahamu na ambao huletwa na virusi. Bakajani huletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas oryzae. Huanza nchani au pembezoni mwa jani kama mstari uliolowa maji. Mstari huo hugeuka manjano, ukingo wake hupindapinda kama mawimbi, kisha jani hukauka na kupauka. Asubuhi matone ya utomvu mzito huweza kuonekana juu ya jani, na kila tone limejaa bakteria. Jani gonjwa likikatwa na kutumbukizwa katika gilasi ya maji safi, baada ya muda mfupi hutoka kwenye jeraha uzi wa ukungu mweupe. Ni kipimo ambacho mkulima anaweza kukifanya mwenyewe bila ya darubini.

Huko Asia ugonjwa huu una historia ndefu. Wakulima wa Fukuoka, Japani, waliuona tangu mwaka 1884, na katika mashamba yenye mbegu dhaifu umeweza kula nusu ya mavuno. Afrika nayo ilikuwa na bakteria wake wa jamii hiyo hiyo, waliojulikana Afrika Magharibi tangu mwisho wa miaka ya 1970. Lakini uchunguzi wa bakteria waliokusanywa Asia, Afrika na Amerika ulionyesha kwamba kila bara lilikuwa na koo zake, ingawa biashara ya mpunga imezagaa dunia nzima. Ndiyo maana taarifa ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2023 ilikuwa ya kushtua. Bakteria waliochukuliwa Morogoro hawakufanana na wenzao wa Afrika. Jamaa zao wa karibu walipatikana kusini mwa China. Tena, aina za mpunga za Afrika hazikuonekana kuwa na kinga ya kufaa dhidi yao.

Mpunga unavyoamka

Ili kuupima uzito wa habari hiyo, hapana budi kwanza kueleza jinsi mmea unavyojilinda. Bakteria wa bakajani huingia kwa kupitia vitundu vya kutolea maji vilivyo pembezoni mwa jani, au kwa kupitia jeraha: jani lililochanwa na upepo, mizizi iliyokatika wakati wa kupandikiza miche, au ncha za miche zilizopunguzwa kabla ya kupandwa. Akishaingia, hukaa katika mishipa inayopitisha maji na kuzaana humo.

Juu ya utando wa seli za mmea zimechomoza protini ziitwazo vipokezi. Kipokezi kina upande wa nje unaopapasa na upande wa ndani unaopeleka habari. Vipokezi vingine hutambua vitu ambavyo bakteria ni vigumu kwake kuviacha. Mfano mashuhuri ni flajelini, protini inayounda mkia ambao bakteria wengi huutumia kuogelea. Kipande chake chenye asidi amino 22 tu chatosha kuuamsha mmea. Na kipokezi kinachokitambua kilielezwa mwaka 2000, katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis.

Kipokezi kikikutana na kitu hicho, mambo hufuatana upesi. Katika dakika chache kalsiamu humiminika ndani ya seli, na seli hutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu kwa vijidudu na pia ni ishara ya hatari. Protini za ndani hupashana habari kwa kubandikana fosfati, moja kwa nyingine, kama mbiu inayopokezanwa kutoka kilima hadi kilima, mpaka habari ifike katika kiini cha seli. Humo ndimo zilimo jeni. Protini za kuongoza hushika mwanzo wa jeni za ulinzi, na jeni mamia kwa mamia zilizokuwa zimelala huanza kusomwa na kutenda kazi. Kutokana nazo seli hutengeneza protini za kushambulia vijidudu, sumu ndogondogo za kuwazuia wasizaane, na vitu vya kuimarisha kuta zake. Vitundu vya kupumulia vya jani hufungwa. Katika mimea mingi asidi ya salisiliki, iliyo jamaa ya dawa ya aspirini, husaidia kuyatahadharisha hata majani ambayo bado hayajaguswa. Na mapambano yakizidi, seli zilizovamiwa hujiua zenyewe, kama wanakijiji wanaobomoa banda lililo karibu na moto ili moto usipite.

Msomaji aweza kuuliza: kama jeni hizo zina manufaa makubwa hivyo, mbona mmea hauziachi zifanye kazi siku zote? Jibu ni gharama. Nguvu inayotumika kutengeneza silaha ni nguvu iliyonyimwa majani, mizizi na punje. Mimea ya maabara ambayo jeni zake za ulinzi huwaka bila kuzimwa aghalabu hudumaa na kutoa mbegu chache. Nchi ambayo raia wake wote wako lindoni haina wa kulima. Kwa hiyo mmea hauna budi kungoja, na kwa kuwa hungoja, maisha yake yote hutegemea jambo moja, yaani kumtambua adui mapema na kwa usahihi.

Mwizi mwenye ufunguo

Bakteria naye hakukaa kitako. Ana kifaa mfano wa sindano ambacho kwacho huingiza protini zake ndani ya seli ya mpunga. Baadhi ya protini hizo, ziitwazo TAL, husafiri hadi katika kiini cha seli, zikashika mwanzo wa jeni za mpunga wenyewe na kuziwasha. Mwaka 2009 wanasayansi walifumbua jinsi protini hizo zinavyosoma herufi za DNA. Mwaka 2010 ikajulikana kwamba miongoni mwa jeni zinazowashwa ni za familia iitwayo SWEET, ambazo kazi yake ni kupitisha sukari kutoka ndani ya seli. Mmea unazihitaji kwa shughuli zake halali. Bakteria huzifungua ili apate chakula. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika ugonjwa huu, anayeliwa ndiye anayepakua.

Hapa ndipo tofauti za koo za bakteria zinapokuwa na maana kwa mkulima. Bakteria wa asili wa Afrika wana ufunguo wa mlango mmoja katika familia hiyo, mlango wa SWEET14. Wale waliozuka Morogoro wana ufunguo wa Kiasia, unaofungua mlango mwingine, SWEET11. Wala si hivyo tu. Ipo jeni ya mpunga iitwayo Xa1, ambayo huzitambua protini za TAL na kuuamsha ulinzi. Bakteria wa asili wa Afrika hawana hila ya kuikwepa. Wageni wa Morogoro wanazo protini za TAL zilizopunguzwa, ambazo huinyamazisha Xa1. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtaalamu ambaye angechagua Xa1 kwa kutegemea maandishi juu ya bakteria wa Afrika, bila ya kuwachunguza waliomo Dakawa, angewagawia wakulima mbegu yenye mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni.

Hazina iliyoitwa gugu

Katika miaka ya 1940 Harold Flor wa Marekani, alipokuwa akichunguza mmea wa kitani na ugonjwa wake wa kutu, alionyesha kwamba kwa jeni ya kinga iliyomo katika mmea ipo jeni inayolingana nayo katika kimelea. Ugonjwa alioushughulikia ni wa kuvu, lakini kanuni hiyo ilikuja kuonekana katika magonjwa mengi ya bakteria pia. Tangu hapo kazi ya wazalishaji wa mbegu imekuwa kutafuta jeni zinazotambua, na mara nyingi wamezipata katika mimea ya mwituni, ambayo imeishi na maradhi kwa vizazi visivyohesabika bila ya dawa wala bwana shamba.

Mpunga mwitu, Oryza longistaminata, huota katika mabwawa na mabonde ya sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwamo. Mkulima haupendi hata kidogo, naye ana haki. Mashina yake hutambaa chini ya udongo, na kila kipande kilichokatwa na jembe huchipua upya. Punje zake ni chache, tena hupukutika kabla ya kuvunwa. Lakini katika miaka ya 1970 mpunga mwitu uliotoka Mali ulipimwa huko India, na baadaye Ufilipino, ukasimama imara mbele ya koo zote za bakteria za Ufilipino ulizojaribiwa nazo. Gurdev Khush na wenzake katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños walifanya kazi ya miaka mingi ya kuuzalisha pamoja na mpunga wa shambani, mpaka jeni moja ya kinga, waliyoiita Xa21, ikahamia katika mpunga unaolimwa. Mwaka 1995 maabara ya Pamela Ronald, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, iliitenga jeni hiyo. Ikaonekana kuwa ni jeni ya kipokezi, chenye upande wa nje wa kupapasa na upande wa ndani wa kupeleka habari. Ilichukua miaka mingine 20, hadi 2015, kuthibitisha kwamba kipokezi hicho hukitambua kipande kidogo cha protini ya bakteria kiitwacho RaxX.

India imeiunganisha Xa21 na jeni mbili nyingine, xa5 na xa13, katika aina iliyoboreshwa ya mpunga wa Samba Mahsuri, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2008. Jeni ya xa13 hulinda kwa njia ya pekee: ni ule ule mlango wa SWEET11, ila kitasa chake kimebadilika kwa asili, na ufunguo wa bakteria hauingii. Mbegu hiyo ilipatikana kwa uzalishaji wa kawaida, ukiongozwa na vipimo vya DNA. Sababu ya kuunganisha jeni tatu ni kwamba jeni moja haidumu. Xa4, iliyoenezwa Asia katika mbegu za miaka ya 1970, ilikwepwa na bakteria wa Ufilipino baada ya miaka michache tu.

Basi na litafakariwe jambo hili. Mojawapo ya ngao zinazolinda mpunga wa Asia ilitoka katika gugu la Afrika. Mwaka 1996 chuo cha Davis kilianzisha mfuko wa kutambua mchango wa nchi ambako jeni za namna hiyo hutoka, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini kutambuliwa na wengine si sawa na kuwa na uwezo wa kutambua. Mali ilitoa mmea; maarifa ya kuusoma yalikaa kwingine.

Yapasayo kufanywa

Wapo watakaosema kwamba dawa ya ugonjwa wa Morogoro ni nyepesi: mbegu yenye kinga inunuliwe India, igawiwe, mambo yaishe. Maoni hayo yana kosa moja. Mbegu yaweza kununuliwa, lakini hakuna duka linalouza habari za bakteria waliomo Dakawa msimu huu. Kinga iliyochaguliwa dhidi ya koo za Hyderabad au Los Baños yaweza kufaa hapa, na yaweza kushindwa. Anayejua ni yule tu aliyeipima kwa bakteria wa hapa. Cha kuazima hakisitiri matako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwajua bakteria. Kila msimu majani magonjwa yakusanywe kutoka Kilombero, Usangu, Kyela, kanda ya Ziwa na Zanzibar, bakteria wake wahifadhiwe katika baridi, na jeni zao zisomwe nchini. Ugonjwa wa Dakawa ulionekana mwaka 2019, na maelezo kamili ya koo zake yakachapishwa mwaka 2023. Maabara za Ujerumani, Ufaransa na Marekani zilihusika katika kazi hiyo. Ushirikiano huo hauna lawama, bali wastahili shukrani. Lakini miaka minne ni misimu mingi kwa bakteria anayesafiri na maji ya mfereji. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko Morogoro hapo hapo, na kituo cha utafiti wa kilimo kipo Dakawa kwenyewe. Wanafunzi wenye akili hawakosekani. Kinachohitajika ni fedha za kudumu kwa kazi isiyo na sherehe ya uzinduzi: kukusanya, kuandika, kuhifadhi, kulinganisha, mwaka hata mwaka, hata katika miaka ambayo ugonjwa haukusikika.

Kazi ya pili ni kuuhifadhi mpunga mwitu. Mkulima asiombwe kuuacha shambani mwake, kwa maana huko ni kumwomba afe njaa kwa ajili ya sayansi. Ni wajibu wa dola kutenga sehemu za mabwawa ambamo utabaki, na kuupanda katika bustani maalumu. Hifadhi ya taifa ya mbegu iliyoko Arusha ina kazi yake, lakini mpunga mwitu hutoa mbegu kidogo na huenea zaidi kwa mashina yake, hivyo kuweka punje katika jokofu hakutoshi. Tena huchavushana na mpunga wa mashambani, na kadiri mabonde yanavyolimwa ndivyo ukoo wake safi unavyopungua. Kila tone la chavua linalovuka bonde hubadilisha kidogo kile ambacho karne nyingi za maradhi zilikiandika. Ukusanyaji ukicheleweshwa, kitakachokusanywa baadaye kitakuwa na jina lile lile bila ya jeni zile zile.

Kazi ya tatu ni kuamua kwa ujasiri juu ya mbinu mpya. Watafiti walioandika taarifa ya mwaka 2023 waliichukua aina ya mpunga iitwayo Komboka, inayolimwa Afrika Mashariki, wakabadilisha kwa mkasi wa molekuli vitasa vyote vinavyojulikana vya milango mitatu ya SWEET. Mimea hiyo ilistahimili bakteria wa Asia, wa Afrika na wale wa Morogoro. Jina la mbegu lina maana ya kuokoka, na kwa hakika jaribio hilo linatia moyo. Lakini mbegu ya majaribio haijawa mbegu ya mkulima mpaka sheria iseme. Kenya ilitoa mwongozo wake wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Tanzania, ambayo mwaka 2018 iliagiza kusitishwa kwa majaribio ya mahindi yaliyopandikizwa jeni huko Makutupora, Dodoma, haina budi kulikabili swali hili jipya kwa hoja zake yenyewe, zitokanazo na vipimo vya mashamba yake. Kukubali bila kupima na kukataa bila kupima ni ndugu wawili wa baba mmoja.

Hata hivyo, mkasi huo hauondoi zile kazi mbili za kwanza. Vitasa vilibadilishwa kwa kufuata funguo zinazojulikana leo. Bakteria akipata ufunguo mpya, atakayemwona kwanza ni yule anayemchunguza kila msimu. Na wale wanaohofia uhariri wa jeni wakumbuke kwamba Xa21 na xa13 zaweza kuingizwa katika mbegu za hapa kwa uzalishaji wa kawaida, njia ambayo haisubiri sheria yoyote mpya. Hiyo nayo haijafanywa ya kutosha, na kwayo hakuna kisingizio.

Wakati hayo yakingojewa, mkulima asiachwe mikono mitupu. Hakuna dawa ya kupulizia inayoweza kutegemewa dhidi ya bakajani, na fedha inayotumika kuitafuta dukani hupotea bure. Mbegu itoke katika shamba lisilougua. Ncha za miche zisikatwe. Mbolea ya urea isizidishwe, kwa kuwa mpunga uliolishwa naitrojeni kupita kiasi huugua zaidi. Maji ya shamba gonjwa yasielekezwe katika shamba zima, na mabua yenye ugonjwa yasiachwe msimu upite. Maofisa wa ugani wafundishwe kipimo cha gilasi ya maji, ili bakajani isiitwe kimyanga na taarifa zisipotee njiani kati ya shamba na maabara.

Mpunga mwitu ulipata kinga yake kwa vifo vingi na kwa muda mrefu. Kila mmea ulioshindwa kumtambua adui uliondoka, na uliomtambua ukaacha uzao. Taifa halihitaji kujifunza kwa njia hiyo. Linaweza kujifunza kwa bustani moja ya mpunga mwitu inayotunzwa, kwa jokofu moja la bakteria linalojazwa kila msimu, na kwa vijana wachache waliofundishwa kuvisoma vyote viwili. Gharama ya vitu hivyo iwekwe katika mizani pamoja na msimu mmoja uliopotea wa bonde zima, kisha wenye dhamana waseme ni ipi iliyo nzito.